Kulenga shabaha Kibokoni: Sheria kwanza, klabu pili, bunduki mwisho

KWA mkazi wa Kibokoni, silaha si kitu kigeni machoni. Hatua chache kutoka mtaani humo, mizinga ya kale ingali imepangwa katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Miongoni mwayo umo mmoja uliotolewa katika manowari ya Kijerumani ya Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya mto Rufiji mnamo Julai 1915. Watalii hupiga picha kando ya chuma hicho, na hakuna anayekiogopa.

Bunduki iliyo hai ni jambo jingine. Watu wazima wa Mombasa hawajasahau usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walipoingia katika kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kupora bunduki, na damu ikamwagika kwa siku nyingi zilizofuata. Kwa sababu hiyo, kijana wa Mji wa Kale akitamka nyumbani kwamba angependa kujifunza kulenga shabaha, wazee wake hushtuka kabla ya kumwuliza ana maana gani.

Hata hivyo, kulenga shabaha ni mchezo halali, wenye kanuni za kimataifa na nidhamu kali. Anayeupenda ana njia ya kuufikia bila kuvunja sheria wala kuwatia hofu majirani, mradi afuate utaratibu ufaao: aijue sheria kwanza, atafute klabu pili, na suala la kumiliki bunduki liwe la mwisho kabisa.

Mchezo wenyewe

Ulengaji shabaha ulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Athens mwaka 1896. Leo kuna matawi makuu kadhaa. Kuna bunduki na bastola za upepo, ambazo hupigwa kutoka umbali wa mita 10. Kuna bunduki ndogo za kipimo cha .22, zinazolengwa kutoka mita 50. Kuna bunduki za marisawa, ambazo hupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Aidha, kuna mashindano ya bastola ambamo mshindani hutembea kutoka kituo hadi kituo, akipimwa kwa kasi na usahihi kwa pamoja. Shirika la kimataifa la tawi hilo la mwisho, IPSC, liliundwa nchini Marekani mwaka 1976.

Asiyeujua mchezo huu hudhani kuwa ni wa wenye mabavu. Ukweli ni kwamba kitovu cha shabaha ya bunduki ya upepo kina upana wa nusu milimita tu, na mshindani wa Olimpiki hupewa dakika 75 za kupiga risasi 60. Kinachomsaidia ni pumzi iliyotulia, miguu iliyosimama imara na kidole kisichokuwa na pupa. Umri nao si kizuizi kikubwa. Sheikh Ahmed Al Maktoum aliipatia Milki ya Falme za Kiarabu dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 40, na Yusuf Dikeç wa Uturuki alitwaa nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 akiwa na miaka 51. Baina yao, Abhinav Bindra aliipa India dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja mwaka 2008, kwa bunduki ya upepo.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kumiliki bunduki. Umiliki ni ruhusa inayotolewa na serikali, na serikali yaweza kuitwaa. Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ambayo asili yake ni miaka ya 1950. Sheria hiyo inamtaka mwombaji aonyeshe sababu nzuri ya kutaka silaha, na inamtaka mtoaji wa leseni aridhike kwamba kumpa mtu huyo bunduki hakutahatarisha usalama wala amani ya umma. Mlevi, mtu asiye na akili timamu au asiyefaa kwa sababu nyingine hapaswi kupewa cheti.

Mamlaka yaliyokuwa mikononi mwa afisa mkuu wa leseni yalikabidhiwa Bodi ya Leseni za Bunduki baada ya marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Bodi hiyo ndiyo inayotoa na kufuta vyeti, kuweka kumbukumbu za raia wenye silaha na za wauzaji, na pia kusajili na kusimamia viwanja vya kulengea shabaha. Jukumu hilo la mwisho lina maana kubwa kwa mgeni wa mchezo: uwanja usiosajiliwa si uwanja, hata ukiwa na ukuta mrefu na mwalimu hodari.

Mnamo Desemba 2018 serikali ilibatilisha vyeti vilivyokuwapo na kuwataka raia wote wenye bunduki wajitokeze kukaguliwa upya katika muda wa siku 90. Waliokuwa wamezoea kuhuisha vyeti vyao kila mwaka kama jambo la desturi waligundua kwamba ruhusa ya jana si dhamana ya kesho. Anayepatikana na bunduki au risasi bila cheti, hata kama ni risasi moja iliyosahaulika mfukoni, anakabiliwa na mashtaka yanayoweza kumpeleka jela kwa miaka mingi.

Kujiunga na klabu

Hatua ya kwanza ya mkazi wa Kibokoni ni kukubali kwamba hatalenga shabaha Kibokoni. Viwanja vinahitaji ardhi pana na kingo za udongo za kuzuia risasi, mambo yasiyopatikana katika Mji wa Kale. Upande wa Pwani, jina linalofahamika kwa wapenzi wa mchezo huu ni Bamburi Rifle Club, kaskazini mwa kisiwa. Bara, uwanja wa Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu umekuwa ukiandaa mashindano yanayohusishwa na Chama cha Kitaifa cha Wamiliki wa Bunduki.

Ni busara mgeni aende kwanza kama mtazamaji, bila kugusa silaha yoyote. Aulize maswali manne na asiridhike mpaka ajibiwe yote. Je, uwanja umesajiliwa na Bodi? Ni kibali gani kinachomruhusu mtu asiye na cheti ashike bunduki ya klabu, na kimeandikwa wapi? Nani msimamizi wa usalama siku ya mazoezi? Je, klabu humdhamini mgeni kwa kuwauliza watu wanaomjua? Klabu inayokasirishwa na maswali hayo haifai kuaminiwa.

Klabu bora humfundisha mwanafunzi kanuni nne kabla ya kumpa risasi hata moja. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho mtu hataki kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka jicho liwe juu ya shabaha. Na mpigaji ajue kilicho mbele ya shabaha na kilicho nyuma yake. Miwani na vifunika masikio huvaliwa na kila aliyepo, kwa kuwa mlio wa bunduki nyingi hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio mara moja.

Atakayeamua baadaye kuomba cheti chake mwenyewe ataanzia kwa polisi wa eneo lake, ambako mwenendo wake utachunguzwa kabla ya ombi kufikishwa kwa Bodi. Uanachama wa klabu unaweza kueleza sababu ya ombi lake. Hauwezi kuchukua nafasi ya cheti, na aliyenunua bunduki kwanza akitumaini kuihalalisha baadaye amekwisha kutenda kosa.

Nyumba za Mji wa Kale

Kuna jambo ambalo fomu za maombi haziwezi kulieleza kikamilifu, nalo ni maisha ya mtaa wenyewe. Nyumba za Kibokoni zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na aghalabu ngazi moja hutumiwa na jamaa kadhaa. Watoto huingia nyumba ya shangazi kama wanavyoingia yao. Mgeni wa arusi hulala chumba chochote chenye nafasi. Katika mazingira hayo, kabati lenye kufuli dogo halitoshi.

Mwenye cheti anawajibika kuihifadhi silaha yake mahali salama, na akiibiwa au kuipoteza ataarifu polisi bila kuchelewa. Kwa nyumba ya aina hii, maana yake ni sefu ya chuma iliyokazwa imara ukutani, risasi zikiwekwa mbali na bunduki, na funguo zikiwa kwa mtu mmoja tu. Yule asiyeweza kupata sehemu kama hiyo nyumbani kwake ana jibu lake: abaki mwanachama bila kumiliki.

Hesabu ya masafa nayo inatisha. Risasi ya .22, ambayo ni ndogo kabisa miongoni mwa zile za kawaida, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ikifyatuliwa kwa bahati mbaya kutoka roshani ya Mji wa Kale, inaweza kuvuka maji na kufika upande wa Nyali ikiwa na nguvu ya kudhuru.

Funzo la Dunblane

Wapo wanaouliza kwa nini klabu ichunguze watu ilhali polisi wamekwisha kuwachunguza. Jibu liko Uskoti. Mnamo Machi 13, 1996, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane na kuua watoto 16 pamoja na mwalimu wao. Bunduki zake zilikuwa na leseni halali, na yeye alikuwa mtu wa klabu za kulenga shabaha. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen ulionyesha kwamba tangu mwaka 1991 afisa mmoja wa polisi alikuwa ameonya kuwa mtu huyo hafai kuwa na silaha. Onyo hilo halikufanyiwa kazi.

Mwaka uliofuata Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia, na walenga shabaha waadilifu wakapoteza mchezo wao pamoja na wengine. Mwenye macho ya kwanza ya kuona mwenzake amebadilika tabia, ana hasira zisizoisha au amezama katika ulevi, ni mwanachama anayesimama kando yake kila Jumamosi. Akinyamaza kwa kuona haya, gharama italipwa na wasiohusika.

Mombasa haijafikwa na msiba wa aina hiyo kutoka klabuni, na hakuna aombaye yatokee. Njia ya kuuepuka ni ile ile ambayo wazee wa Kibokoni wangemwelekeza kijana wao baada ya mshtuko wa kwanza kupita: aende akatazame, aulize, ajifunze kwa bunduki ya upepo chini ya msimamizi, na arudi nyumbani mikono mitupu. Baada ya mwaka mmoja wa mazoezi, yeye mwenyewe atajua kama anahitaji kumiliki bunduki au anahitaji tu kuendelea kulenga.