Miaka miwili ya "sogea tuishi": sheria ya 1971 ilisema nini?



Anayesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Dodoma huipita Kibaigwa, mji wa wilaya ya Kongwa wenye soko kubwa la mahindi. Mji wa soko hukusanya watu walio mbali na wazee wao: wafanyabiashara, wapagazi, madereva, mama lishe. Ndipo inapoota "sogea tuishi". Wawili wanapanga chumba, hakuna posa, mahari wala mashahidi. Siku mwanamume akiondoka, mwanamke anabaki na watoto na kodi ya chumba. Je, ana cha kudai?

Zamani ndoa za Bara zilifuata sheria mbalimbali: za mila, za dini na za kiserikali. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuziunganisha, na Sheria ya Ndoa ikapitishwa mwaka 1971. Kifungu cha 160 kikawagusa hasa hawa wa sogea tuishi. Wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakiwajua kama mke na mume, mahakama itachukulia kwamba walioana.

Wengi wetu huishia hapo, tukadhani miaka miwili inamfanya mtu mke. Sivyo. Hiyo ni dhana tu, na mwanamume anaweza kuleta ushahidi wa kuivunja. Lakini waliotunga sheria waliliona hilo. Hata dhana ikivunjwa, mwanamke akithibitisha kwamba waliishi kama mke na mume kwa muda huo, anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Katika shauri lililoripotiwa mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mahakama inaweza pia kugawa mali waliyochuma pamoja.

Kwa hiyo ushahidi ndio kila kitu: majirani, mwenye nyumba, ndugu waliowatembelea, risiti za kiwanja au za matofali.

Sisi wa Visiwani tukumbuke kwamba sheria hii ni ya Tanzania Bara. Kwetu mambo ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, na asiye na nikahi hawezi kudai haki za mke. Nayo sheria ya Bara haikuhalalisha kuishi bila ndoa. Ilikataa tu mwanamke aachwe mikono mitupu. Binti yako anayekwenda kutafuta riziki Bara, mweleze yote mawili kabla hajapanda boti.