Libvirt kwenye Windows: mashine inazimika, programu inanyamaza

Fundi mwenye ordinatere moja ya nguvu anaweza kuigawa iwe mashine pepe kadhaa: moja inabeba hesabu za duka, ingine barua, ingine tovuti. Libvirt, maktaba ya programu iliyoanza mwaka 2005 kwa watu wa Red Hat, inasaidia kuziongoza zote. Kwa kawaida seva inakaa kwenye Linux, na kwenye Windows kunakuwa tu programu ya kuichunga toka mbali. Programu hiyo inaandikisha fonksio kwa virConnectDomainEventRegisterAny, ili iitwe kila mara mashine inawaka ao kuzimika.

Shida inayojulikana ni hii: kuandikisha kunakubaliwa bila kosa, lakini fonksio haiitwi hata siku moja. Mashine ya hesabu inazimika usiku, na dirisha bado linaonyesha kwamba inatembea.

Wengi wanakimbilia ukuta wa moto wa Windows na kufungua milango. Ni kazi bure, maana habari zinapita katika muunganisho ule ule ambao programu ilifungua yenyewe kwenda kwa seva (kwa TLS ni mlango 16514). Kama orodha ya mashine inaonekana, njia iko wazi.

Mara nyingi kinachokosekana ni mzunguko wa matukio. Libvirt haiuanzishi yenyewe. Kwanza programu iite virEventRegisterDefaultImpl, na iwe mbele ya virConnectOpen. Ikiitwa nyuma, muunganisho ule hautapata habari. Kisha uzi mmoja wa pembeni uite virEventRunDefaultImpl bila kuacha, sababu kila mwito unafanya duru moja tu. Kuiita mara moja na kuendelea na mambo mengine ni sawa na kufungua radio dakika moja na kuizima.

Ili kujua kosa liko wapi, andika kwenye Windows ile ile, na anwani ile ile ya seva: virsh event --all --loop. Zima mashine moja ya majaribio. Virsh ikitangaza, basi kosa liko ndani ya programu yako.

Wanaoandika kwa C# wana mtego wao. Habari zinafika vizuri dakika kadhaa, halafu programu inaanguka. Msafishaji wa kumbukumbu wa .NET amefuta delegate, kwa kuwa hakuona mtu anayeishika. Upande wa C wa libvirt haumhesabu. Iwekwe katika static, ibaki hapo. Kwa Windows ya biti 32, itangazwe pia kuwa Cdecl. Na ndani ya fonksio kusifanywe kazi ndefu: inasimamisha mzunguko wote.

Kwetu kuna jambo lingine, umeme. Wakati wa kutoka kwa SNEL kwenda kwa grupu, ruta inazima kidogo, na muunganisho unakufa bila kelele. virConnectSetKeepAlive inaligundua hilo, kama tu mzunguko unatembea, na virConnectRegisterCloseCallback inapasha habari. Baada ya kuunga tena, fonksio ziandikishwe upya. Libvirt haiweki akiba ya matukio yaliyopita wakati hukuwepo, kwa hiyo hali ya kila mashine iulizwe upya kwa virConnectListAllDomains, mbele ya kuamini dirisha.