Siagi ya Denmark: Jinsi Vyama Vichanga na Soko Huru Vilivyoharakisha Ufundi Mpya



Katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ni desturi njema kutazama nyuma na kuhesabu hatua tulizopiga. Lakini mwenye busara hutazama pia njia waliyopita wenzake, apate kujua wapi walijikwaa na wapi walifanikiwa. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuwaeleza habari za wakulima wa Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, ambao kwa muda wa miaka ishirini tu waligeuza kilimo chao chote. Habari zao zinajibu swali linalotuhusu sana: kwa nini mashine mpya huenea upesi katika nchi moja, na katika nchi nyingine hukaa ghalani ikishika kutu?

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza majimbo ya Schleswig na Holstein. Kabla jeraha hilo halijapona, likaja pigo jingine. Katika miaka ya 1870 reli na meli za moshi zilileta Ulaya nafaka tele kutoka Marekani na Urusi, na bei ya nafaka ikaporomoka. Wakulima wa Denmark walikuwa wakiishi kwa kuuza nafaka. Ujerumani ilijikinga kwa kutoza ushuru wa forodha mwaka 1879, na Ufaransa ikafuata. Denmark haikufunga mlango wake. Wakulima wake walifanya hesabu nyingine: ikiwa nafaka ya kigeni ni rahisi, na wapewe ng'ombe na nguruwe wale, nasi tuwauzie Waingereza siagi na nyama.

Shauri lilikuwa jema, ila siagi ya mkulima mdogo haikuwa njema. Siku zile maziwa yalimiminwa katika vyombo vipana, yakaachwa kwa saa nyingi mpaka malai, ambayo wengine huita krimu, yaelee juu yenyewe. Kazi hiyo ilitaka chumba baridi, usafi na maziwa mengi ya mara moja. Mabwana wenye mashamba makubwa waliyaweza hayo, na siagi yao ikapata bei nzuri. Mkulima mwenye ng'ombe wachache alichanganya malai ya siku kadha wa kadha, na siagi yake ikauzwa kwa bei ya chini. Wala hakuweza kupeleka maziwa yake kwa mwingine, kwa kuwa maziwa yaliyotikiswa njiani hayatoi malai vizuri yakiachwa kuelea.

Mwaka 1878 Gustaf de Laval, fundi wa Sweden, alileta mashine iliyotenganisha malai na maziwa kwa kuzunguka kwa kasi, maziwa mazito yakisukumwa pembeni na malai mepesi yakibaki katikati. Fundi L. C. Nielsen wa Denmark naye alitengeneza ya kwake, na mashine hizo zikashindana sokoni. Sasa maziwa yaliweza kusafirishwa kwa gari la farasi, yakatenganishwa mara moja, na malai yaliyopatikana yakawa mengi kuliko zamani. Hata hivyo mashine ilihitaji mtambo wa mvuke, jengo na fundi. Nani mwenye ng'ombe watano angeweza kununua vitu hivyo?

Jibu lilitoka mwaka 1882 katika kijiji cha Hjedding, magharibi mwa Jutland. Wakulima wa hapo, wakisaidiwa na kijana Stilling Andersen aliyejua kazi ya siagi, walianzisha kiwanda chao cha maziwa cha ushirika. Masharti yao yalikuwa machache. Kila mwanachama ataleta maziwa yake yote, isipokuwa ya kutumia nyumbani. Ziada itagawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta mtu, wala si kwa kadiri ya utajiri wake.

Tuzingatie jambo moja hapa. Hapakuwa na sheria maalumu ya vyama vya ushirika iliyowataka wangoje kibali. Waliandika mapatano, wakatia sahihi, wakaanza kazi. Mifano ya namna hiyo ilifuatwa vijiji kwa vijiji, watu wakikopa fedha kwa dhamana ya pamoja. Kufikia mwaka 1900 viwanda vya ushirika vilikuwa vimepita 1,000. Mwaka 1887 wakulima wa Horsens walifungua kiwanda cha ushirika cha nyama ya nguruwe, na mtindo huo nao ukaenea.

Kila kiwanda kilikuwa kama shamba la majaribio. Palipokosewa, hasara ilikuwa ya kijiji kimoja, si ya nchi nzima. Palipogunduliwa njia bora, majirani waliiona kwa macho na kuiiga. Na mwamuzi wa yote alikuwa mnunuzi wa Uingereza, ambaye hakuwa na ujamaa na mtu: siagi mbaya aliipunguzia bei, siagi nzuri akaitafuta tena. Ndivyo uhuru wa kuanzisha chama na uhuru wa soko ulivyoifanya mashine ya 1878 kuenea kila pembe ya nchi katika kizazi kimoja.

Tena, ufundi mmoja ulizaa mwingine. Mwanzoni viwanda vililipa maziwa kwa uzito tu, na mwenye maziwa mepesi akalipwa sawa na mwenye maziwa mazito. Mtaalamu N. J. Fjord, ambaye alizipima mashine mbalimbali mbele ya umma, alitengeneza chombo cha kupima malai katika maziwa ya kila mtu. Mkulima alipoanza kulipwa kwa ubora, alitaka kujua ni ng'ombe gani anayemfaa na yupi anayekula bure. Kwa hiyo mwaka 1895 wakulima wa Vejen waliunda chama cha kwanza cha kupima maziwa na malisho ya kila ng'ombe. Hivyo kipimo cha haki kilifanya kazi ambayo hotuba nyingi zisingeiweza.

Lakini tusidanganyike kwamba soko peke yake latosha. Ireland ilikuwa karibu zaidi na soko la Uingereza kuliko Denmark, na chama chake cha kwanza cha siagi cha ushirika kilianzishwa mwaka 1889 tu, kwa juhudi za Horace Plunkett. Wakati huo siagi ya Denmark ilikwisha jipatia sifa. Wadenmarki walikuwa na shule za watu wazima tangu ile ya Rødding ya mwaka 1844, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Mifugo tangu 1858. Walikuwa pia na nidhamu: waliopenda uhuru wa soko ndio hao hao waliojifunga kwa mapatano wasiuze maziwa kando. Na kuanzia mwaka 1906 siagi yote iliyopelekwa ng'ambo ilipigwa chapa ya taifa, ili mlaghai mmoja asiharibu jina la wote.

Sisi nasi tunayo historia yetu. Sheria ya vyama vya ushirika ililetwa Tanganyika mwaka 1932. Mwaka 1976 vyama vikuu vya Tanzania Bara vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kurudi. Wazee wetu wengi wanakumbuka mizani na maghala waliyoyajenga kwa jasho lao yakipita mikononi mwa wengine. Funzo lake halina fumbo: chama kinachosimama kwa amri huweza kuanguka kwa amri, lakini chama kinachosimama kwa mapatano ya wanachama wenyewe kina mizizi.

Kwa hiyo tunapofungua mwaka wa 11, tujiulize bila haya. Je, mwenye mazao bora kati yetu hulipwa zaidi ya mzembe, au wote hutiwa gunia moja? Chama cha msingi kikitaka kujaribu mashine mpya kwa fedha yake, sisi maofisa humsaidia au humngojesha karatasi? Na mwanachama akipewa bei kidogo zaidi kando ya barabara, huyakumbuka mapatano aliyoyatilia sahihi? Wakulima wa Hjedding walikuwa watu wa kawaida, wenye ng'ombe wachache na ardhi isiyo na rutuba nyingi. Hawakuvumbua ile mashine. Waliifungulia njia, kisha wakakubali kupimwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na mashine ngeni haiwaponyi ila wenyeji waliokwisha kutayarisha mahali pa kuiweka.