Umeme wa Ruzizi na Gharama ya Nguzo

Mto Ruzizi ulianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, katika bwawa la kwanza jirani na Cyangugu na Bukavu. Mwaka 1989 likafuata la pili, la Rwanda, Burundi na Zaire kwa pamoja. Walakini hadi mwaka 2009 takribani nyumba 6 tu katika kila 100 nchini Rwanda zilikuwa na umeme. Ndipo serikali ilipoanzisha mpango wa kuusambaza, na ada ya kuunganishwa, faranga 56,000, ikaruhusiwa kulipwa kidogo kidogo. Ilikuwa busara, maana mwenye mshahara hujenga kwa awamu. Lakini askari aliyeinua kuta kabla ya kuuliza waya unapita wapi, alibaki akihesabu nguzo.