Hati ya Ustadi: Kipungani na Historia ya Ombi la Kujiandikia

Kijiji cha Kipungani, kilicho upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Lamu, kimejulikana kwa muda mrefu kwa ususi wa mikeka na vikapu, kazi ambayo kina mama huifanya kwa kusuka miyaa, yaani majani ya mkoma, kuwa ukili, ambao ni utepe mrefu unaoshonwa baadaye upande kwa upande mpaka mkeka ukamilike. Ustadi huo hurithishwa kwa kutazama na kutenda, na wanaoushuhudia ni jirani, mnunuzi na mkongwe aliyemfunza msusi. Mpaka wa nchi, hata hivyo, hautambui ushahidi wa aina hiyo usipoandikwa. Na ingawa sheria ya Marekani humruhusu mtu mwenye ustadi kuandaa mwenyewe ombi la uhamiaji, bila mwajiri wala wakili, historia ya pwani inaonyesha kwamba uzito wa ombi hilo umo katika swali la kale zaidi kuliko sheria yenyewe: ni nani aliye na mamlaka ya kushuhudia ustadi wa mtu?

Kuandika si jambo geni Lamu, kwa kuwa kwa karne kadhaa barua, mikataba na tenzi ziliandikwa huko kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa miswada na mchongaji wa mbao, na ustadi wake unafahamika hadi leo kwa sababu miswada aliyowanakilia wataalamu wa Ulaya, akiwamo Ernst Dammann katika miaka ya 1930, imehifadhiwa katika maktaba za Uingereza na Ujerumani. Wasusi wengi wa zama zake walikuwa hodari katika fani yao, lakini kazi zao zilichakaa kwa kutumiwa, na majina yao hayakuandikwa popote.

Serikali ya kikoloni ilileta maandishi ya namna nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wa Kiafrika nchini Kenya walilazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole ambamo mwajiri aliandika kazi ya mtu, ujira wake na siku ya kuachishwa. Mfanyakazi hakuwa na neno lake katika hati hiyo. Aliyemshuhudia ni mwajiri peke yake, na bila sahihi ya mwajiri huyo hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine kwa amani.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, iliyotenga takriban viza 140,000 kwa mwaka kwa ajili ya wahamiaji wa kazi na familia zao, ilifungua njia mbili ambazo hazimtegemei mwajiri. Ya kwanza ni ya mtu mwenye uwezo wa pekee, ambaye, asipokuwa na tuzo kubwa ya kimataifa, hutakiwa kutimiza angalau vigezo 3 kati ya 10, vikiwamo maonyesho ya kazi zake za sanaa, maandishi yaliyochapishwa kumhusu na kuwahi kuwa mwamuzi wa kazi za wenzake, kisha ushahidi wote hupimwa kwa jumla. Ya pili, ya msamaha kwa maslahi ya taifa, humhusu mwenye shahada ya juu au uwezo usio wa kawaida, na tangu uamuzi wa kesi ya Dhanasar wa Desemba 2016 humtaka aonyeshe kwamba shughuli yake ina thamani kubwa na umuhimu wa kitaifa, kwamba anao uwezo wa kuiendeleza, na kwamba Marekani itafaidika kwa kumwondolea sharti la kuwa na mwajiri.

Anayejiandalia ombi hujaza fomu ya I-140, huandika maelezo yanayounganisha kila dai na kielelezo chake, na huambatisha barua za wataalamu wanaoeleza kwa mifano alichofanya badala ya kumsifu tu. Hati ya Kiswahili lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Kukubaliwa kwa ombi hakumpi mtu ukaazi papo hapo, kwani hatua ya viza hufuata. Na aliyewahi kuvunja masharti ya viza au kupatikana na hatia mahakamani anahitaji wakili.

Kwa hiyo sheria iliyomwondoa mwajiri haikuondoa haja ya shahidi, bali ilimwachia mwombaji kazi ya kuwakusanya mashahidi wake, kazi iliyo nyepesi kwa mtafiti wa chuo kikuu na nzito mno kwa msusi wa Kipungani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayozitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya maarifa hayo, inaweza kupunguza uzito huo endapo itatekelezwa kwa dhati, kwa kuandika jina la msusi, aina ya mikeka yake na mahali ilipoonyeshwa. Faida yake haitakuwa ya wanaosafiri peke yao, kwa maana msusi asiyetaka kuondoka kijijini naye ana haki ya kutajwa kwa jina katika historia ya kazi yake.