Walaji wa samaki Masasi wana deni kwa wavuvi wa pwani

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na sasa imevuka robo karne. Inapotajwa, sifa huiendea Serikali na wafadhili. Kumbukumbu za RIPS, mradi wa maendeleo ya vijijini uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara, zinaonyesha kwamba waliotangulia kupiga kelele dhidi ya uvuvi wa baruti ni wavuvi wenyewe.

Uvuvi wa kando ya pwani hii ni wa kale. Maji yakitoka wakati wa bamvua, wanawake hutanda dagaa kwa nguo na kuchokoa pweza mwambani. Wanaume hutega madema na uzio, au hurusha mshipi kungoja changu na kolekole wanaofuata maji yanayojaa. Kusi likichacha mitumbwi haitoki nje, na ghuba za Mikindani na Sudi ndizo kimbilio. Samaki aliyekaushwa hupandishwa bara: njia ya Lindi humpitisha Nanganga hadi Masasi, ile ya Mtwara humfikisha Newala.

Njia hizo zimeona mengi. Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866. Miaka kumi baadaye Askofu Edward Steere alitoka Lindi na watumwa walioachiwa huru, wakaanzisha misheni Masasi. Mpango wa karanga wa Waingereza ukaleta bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, iliyofungwa mwaka 1962.

Miaka hiyo ya 1960 ndipo baruti ilipoanza kusikika baharini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliipiga marufuku, lakini milipuko iliendelea. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wachanga, na huvunja matumbawe ambayo samaki huzalia na kujifichia. Mwenye mshipi akirudi hapo kesho, hapati kitu.

Ugomvi ulifumuka katikati ya miaka ya 1990. Mlipuaji hakuwa mgeni: alikuwa jirani, pengine shemeji, na samaki wake waliuzwa soko lile lile. Aliyemtaja alihatarisha maisha yake, na wengi walilalamika kwamba waliokamatwa waliachiwa wakarudi kulipua. RIPS ikaleta kamera ya video, wavuvi wakasimama mbele yake na kusema yale waliyokuwa wakinong'ona. Picha hizo zilionyeshwa vijijini, kisha kwa viongozi. Kutoka hapo vijiji vya Mtwara, Lindi na Kilwa vikaunda Shirikisho la kutetea bahari. Mwishoni mwa muongo huo Jeshi la Wanamaji likaingia doria, na milipuko ikapungua sana.

Hifadhi ikafuata, yenye kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu. Lakini doria zilipolegea, baruti ilirudi. Mwaka 2015 Serikali ililazimika kuunda kikosi kazi cha vyombo mbalimbali, na milipuko ikashuka tena.

Siku hizi vijiji vya Msimbati na Madimba, pwani ya Mtwara, vinajulikana kwa gesi. Iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Gesi ni mali ya taifa, nami naifurahia. Lakini inasikitisha kwamba mtoto wa Masasi anajua habari za bomba kuliko za wanavijiji waliomkabili mlipuaji uso kwa uso bila silaha.

Baruti ilirudi kila wanavijiji walipoachwa peke yao. Basi halmashauri za Mtwara na Lindi zivipe vikundi vyao vya ulinzi wa bahari boti, mafuta na fungu la kudumu la bajeti, na shule zetu zifundishe habari za Shirikisho. Nasi wa bara tukatae samaki wa baruti sokoni: nyama yake imelegea na mifupa imevunjika ndani. Anayemnunua anamlipa mlipuaji atoke tena kesho.