Plaji ya Kalemie ilitoka wapi?

Bandugu, kila mwaka shule zikifunga mwezi wa saba, swali ni lile lile: vakansi hii batoto tunawapeleka wapi? Mwenye pesa anawaza Moanda, lakini toka kwetu mpaka kule baharini unakata nchi nzima. Sisi watu wa mashariki bahari yetu ni Tanganyika. Mimi vakansi zangu nyingi nilizipitisha Kalemie kwa mjomba: mchanga, mawimbi, ndagaa zimeanikwa juani, wamama wanafua na sisi tunaoga pembeni (kisha kuuliza kwanza wavuvi kama mamba haijaonekana). Hakuna aliyetuelezea kwamba mchanga ule ni wa juzi tu.

Ungefika hapo mwaka 1875, sehemu kubwa ya plaji ungeikuta chini ya maji. Ziwa linapokea mito mingi, lakini mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, pale pale Kalemie. Maji mengine yanapanda na jua. Wakati ule mlango ulikuwa umezibwa na matope na matete. Cameron, Mwingereza, alipita 1874 akasema ziwa linatokea hapa. Stanley akafika 1876, akakuta maji karibu hayatembei. Wakabishana sana kwao Ulaya; mimi naona mvuvi yeyote wa Lukuga angewamalizia ile palaver kwa dakika tano.

Ziwa likazidi kupanda, mpaka karibu 1878 kizibo kikakatika. Mmisionari Hore alipoangalia Lukuga mwaka 1879, alikuta mto wenye nguvu, unakimbia upande wa Lualaba. Kwa miaka kama 15 ziwa likashuka karibu mita 10. Ng'ambo, kule Ujiji, maji yalirudi nyuma, na leo mahali wanapokumbuka Livingstone na Stanley kukutana ni mbali na ukingo. Upande wetu yaliacha uwanja wazi wa mchanga.

Wabelgiji walikuja wakati ziwa linashuka. Kapteni Jacques alijenga ngome 1891, reli ya kutoka Kabalo ikafika 1915, mji ukaitwa Albertville. Wazungu walikuwa na mtaa wao, Weusi cité. Kuketi kando ya maji na bibi na watoto, bila kazi, ilikuwa raha ya Mzungu aliye katika konji. Babu zetu kwenye ukingo ule walikuwa boyi, karani, mvuvi, ao mbeba mizigo wa bandari. Kwa hiyo nikiona leo familia nzima imetandika kitenge mchangani siku ya mungu, sufuria ya ugali katikati, mimi nafurahi kuliko wanavyojua.

Lakini ziwa halikusaini karatasi na mtu. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 zililipandisha, kilele kikafika 1964. Likapanda tena 2020 na 2021, na mwaka 2024 maji yaliingia ndani ya nyumba Kalemie, Uvira, mpaka Bujumbura. Watu wanasema ni maajabu. Maajabu gani, na historia iko? Mlango ni ule mmoja, matope yanaendelea kushuka toka milimani, na sisi tunajenga kwa simenti juu ya sakafu ambayo miaka 150 nyuma ilikuwa ya samaki. Mwenye kupanga nyumba ya wageni mita tano toka mawimbi, kwangu mimi, anauzia familia za watu hatari.

Mjomba hana diplome, lakini nyumba yake iko juu, kwenye kilima. Tulikuwa tunalalamika kushuka na kupanda na ndoo. Kila mwaka ziwa linajaa zaidi mwezi wa ine na wa tano, kisha linaanza kupunguka; vakansi zikifika, mchanga unakuwa mpana tena. Hapo ndipo alikuwa anatuachilia twende kuoga.